Mhogo wa Mboga wa Bi Zuena

Chuki ya Bi Zuena kwa mkamwana wake ilianzia kwenye khanga mpya iliyofungiwa pingili za mhogo.

Nyuma ya jiko lake, pale Mkata, palikuwa na mhogo ambao hakuna mtu aliyewahi kuuchimba. Uliitwa mhogo wa mboga. Majani yake yalikuwa na mabaka ya njano katikati ya kijani, tena yamejikunja kingoni, na mgeni angedhani yameungua jua. Lakini uyachume asubuhi, uyatwange na kitunguu saumu, uyatilie nazi na karanga, halafu uje useme kama umewahi kula kisamvu cha namna hiyo. Kilikuwa laini, na kilikuwa kitamu hata kabla ya nazi. Bi Zuena aliurithi mhogo ule kwa mama yake, na mama yake aliurithi kwa wakwe zake. Desturi ya nyumba ilikuwa moja: binti akiolewa anaondoka na mzigo wa pingili zake, na mkamwana akiingia anapokewa kwa mzigo huohuo. Mizizi haikumhusu mtu. Mhogo wa kuchimba ulikuwa shamba la mbali, ng'ambo ya barabara kuu, tena mbegu nyingine kabisa.

Basi siku Sanaa alipoletwa, Bi Zuena alimkabidhi mzigo wake mbele ya akina mama wote wa mtaa. Sanaa alikuwa mwalimu wa baiolojia huko Korogwe, binti wa Kishambaa aliyekulia Manundu, na huko Manundu ndiko alikotarajiwa kuishi na mumewe Twaha, fundi wa magari. Alipiga magoti kama inavyotakiwa. Alipokea kwa mikono miwili. Kisha, badala ya kusema ahsante na kunyamaza kama wenzake wote waliomtangulia, akaifungua khanga, akachomoa jani dogo moja lililobaki kwenye pingili, akaligeuza kulitazama kwa chini.

"Khanga naipokea, mama, ahsante sana," alisema. "Lakini mbegu hii sitaipanda. Inaumwa."

Inaumwa! Akina mama wakatazamana. Mmoja akakohoa kikohozi cha uongo, mwingine akakumbuka ghafla kwamba ameacha chungu jikoni kwake. Kufika adhana ya alasiri, Mkata nzima ilikuwa inajua kwamba mkamwana wa Bi Zuena ameiambia mbegu ya ukoo kuwa ni mgonjwa, na wengine walikuwa wameshaongeza kwamba aliitupa chini na kuitemea mate.

Bi Zuena angeweza kusamehe. Angalisema ni utoto, ni usomi, ni baridi ya milimani imeingia kichwani. Hakusamehe. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa inaishi naye nyumba moja na kulala chumba cha pili.

Ilikuwa ni Semeni, binti yake mkubwa. Miaka ya nyuma Semeni aliolewa Handeni, kwa kijana aitwaye Athuman, akaondoka hapo na mzigo wake wa pingili. Alifika kwa mumewe mvua zimeshaanza. Mbegu nyingine hakuwa nayo, basi akaikata ileile, akaipanda shamba zima, msimu uliofuata akaikata tena akapanda na shamba la pili. Majani yalimea vizuri. Lakini kila walipochimba, walikuta mizizi myembamba kama vidole vya mtoto. Mwaka wa kwanza wakwe walisema ni ardhi. Wa pili walisema ni mvua. Baada ya hapo mama mkwe akasema wazi kwamba mwanamke huyu ana mkono mbovu, akishika mbegu inakufa, na Athuman akaandika talaka. Semeni akarudi Mkata na begi la nguo. Watoto wake wawili walibaki kwa baba yao.

Siku ileile Bi Zuena alikwenda kusimama pale mabasi yanapopakia, akatangaza kwa sauti kwamba wale watu wa Handeni ni wachawi, wamemfunga mwanawe mkono. Alitangaza siku hiyo na hakuacha kutangaza. Watu wakazoea. Dereva wa basi akipitia Handeni angeweza kukuonyesha nyumba ya wachawi waliomloga binti wa Bi Zuena.

Sasa amekuja mtu mwenye shahada anasema mbegu inaumwa. Ikiwa inaumwa leo, iliumwa na siku ile. Na ikiwa iliumwa siku ile, basi hakuna uchawi uliovunja ndoa ya Semeni na kumtenga na wanawe. Kuna mama yake tu, na khanga yake mpya. Bi Zuena hakuwahi kulisema jambo hilo hata kwa mto wake wa kulalia, lakini alilijua, na ndiyo maana alimchukia Sanaa kama mtu anavyomchukia shahidi.

*

Marehemu mume wa Bi Zuena alikuwa amemwachia Twaha ekari mbili zilizopakana na jiko. Masika yalipofika, Sanaa akaja na pingili zake mwenyewe kutoka Korogwe, safi, zimekatwa sawasawa, akazipanda zote. Kila Jumamosi yeye na mumewe walipanda basi Manundu, wakabadilisha Segera, wakashuka Mkata kupalilia. Na kila Jumamosi Bi Zuena alikaa barazani na ungo wake akipepeta kisichohitaji kupepetwa, ili tu aonekane yupo.

Jumamosi moja Sanaa akaja na ombi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Leo umekuja kumpima nani homa?"

Sanaa akameza hilo. "Naomba tuung'oe mhogo wa nyuma ya jiko. Kuna inzi weupe, wadogo, wanakaa chini ya majani. Wakinyonya hapa halafu wakaruka kwenye shamba letu, wanaubeba ugonjwa. Ni batobato, mama. Inaletwa na kirusi."

"Kirusi ndiyo nini?"

Hapo Sanaa akafanya kosa ambalo walimu hawaliachi mpaka wastaafu. Ameulizwa swali la ugomvi, yeye akalijibu kama swali la darasani.

"Ni kitu kidogo mno, hata darubini ya shuleni haikioni. Hakili, hakinywi, hakizai peke yake. Kikiwa nje ni kama mfu. Kikiingia kwenye seli iliyo hai, yaani kile kijichumba kidogo ambacho mwili wa kila kiumbe umejengwa kwacho, kinaiamuru iache kazi yake na ianze kutengeneza virusi vingine kama chenyewe. Hivyo vipya vinahamia chumba cha jirani. Hivyo hivyo mpaka mmea mzima."

"Nakijua," alisema Bi Zuena. "Kinaishi Manundu, kinafundisha sekondari. Kimeingia nyumba yangu, kimemwamuru mwanangu aache kazi yake, sasa hivi kila akifungua mdomo anatoa maneno yako."

Twaha, aliyekuwa amesimama na jembe begani, akageuka kutazama barabara. Kijana huyu alikuwa na kipaji cha kukumbuka barabara kila mama yake na mkewe walipoanza.

"Sikuja kugombana, mama," alisema Sanaa, na sauti yake sasa ilikuwa inagombana. "Tazama haya mabaka. Jani linapika chakula cha mmea kwa rangi yake ya kijani. Linachukua maji kutoka chini, hewa kutoka hapa, na mwanga wa jua ndiyo moto wake. Linatengeneza sukari, sukari inashuka mizizini, inakuwa huo unga wa mhogo. Palipo na njano hapapikwi cha maana. Na huo utamu wa kisamvu mnaousifu, huenda ni sukari iliyokwama juu. Sasa kama yote imebaki juu, mizizi inakula nini? Wewe chimba shina moja tu. Moja, tuone."

"Mhogo wa mboga hauchimbwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni wa mboga!" Bi Zuena alisimama, ungo ukaanguka. "Umeukuta hapa, utauacha hapa. Bibi zetu wamekula kisamvu hiki na wamezaa watoto kumi kumi. Na wewe, uliyekula sayansi, tumbo lako liko wapi?"

Semeni alikuwa jikoni anachambua mchele. Alisikia yote, kuanzia inzi weupe mpaka tumbo. Hakutoka, lakini mkono wake ulisimama juu ya sinia kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo Semeni akawa karibu na wifi yake. Lilimuuma Bi Zuena, na alilitazama likitokea. Sanaa akija, wawili wanakaa jikoni wananong'ona. Mchana mmoja walikuwa wanatengeneza kachumbari, na Bi Zuena amejilaza mkekani upande wa pili wa ukuta wa udongo, macho kafumba, masikio wazi.

"Wifi, tazama," alisikia sauti ya Sanaa. "Tango umelikata kavu, umelinyunyizia chumvi, sasa linaogelea. Maji kalitia nani?"

"Si maji yake mwenyewe?"

"Ndiyo. Ukuta wa kile chumba kidogo ni mwembamba, maji yanapita, chumvi haipiti kirahisi. Basi maji yanatoka kule yaliko mengi yanaifuata chumvi iliko. Wenyewe tunaita osmosisi. Hata mizizi hunywa kwa njia hiyohiyo, kwa sababu ndani ya mzizi ndiko kwenye chumvichumvi nyingi kuliko kwenye udongo. Lakini udongo ukiushinda mzizi kwa chumvi, mambo yanageuka. Mmea utanyauka na huku umesimama kwenye tope, maana udongo ndio unaounyonya."

Bi Zuena aliachia shule darasa la nne. Somo lile alilielewa kuliko vidato vyote alivyowahi kuvifundisha Sanaa.

*

Jumanne ilikuwa siku ya mnada. Wafugaji wa Kimasai walikuwa wananunua chumvi ya mawe ya ng'ombe, na Bi Zuena akapanga foleni katikati yao, mwanamke asiye na hata mbuzi. Mzee mmoja akamuuliza ana ng'ombe wangapi. Akajibu kwamba anaye mmoja tu ila msumbufu.

Nyumbani akaiponda ile chumvi, akaikoroga kwenye ndoo ya maji, akasubiri Semeni aende bombani. Kisha akapita mistari iliyo karibu na jiko, shina baada ya shina, akimimina taratibu kama mtu anayemwagilia mchicha wake. Nisikufiche: alifurahi. Kwa muda mrefu hakuwa amefanya kazi kwa furaha namna ile. Alirudi tena siku iliyofuata na ndoo nyingine, na siku ya tatu akarudi, kwa sababu chuki haina kipimo cha kutosha.

Ijumaa ikanyesha mvua ndogo. Jumamosi Twaha na Sanaa wakashuka kwenye basi.

Sanaa alisimama shambani. Udongo ulikuwa umelowa, unang'ang'ania viatu. Mistari ya mbali imesimama wima. Mistari ya karibu na jiko majani yamelegea yote, mengine yameungua ncha, katikati ya tope. Akainama, akachota udongo kwa kidole, akauweka kwenye ulimi. Akatema.

Alikuja mpaka barazani akitembea polepole. Hakusema shikamoo.

"Umenisikiliza vizuri, mama," alisema. "Wanafunzi wangu wangekuwa wananisikiliza hivi, shule yetu ingeongoza mkoa."

"Sijui unasema nini."

"Chumvi."

"Labda ng'ombe wa Kimasai wamepita wakakojoa."

"Mama," alisema Twaha, na safari hii hakutazama barabara. "Mama, kweli?"

"Kweli nini? Na wewe umekuwa polisi?"

Sanaa akamsogelea Bi Zuena. "Nataka kujua kitu kimoja. Mtu anayeuamini mhogo wake, akiambiwa chimba, anachimba, anamwaibisha mwenzake, yameisha. Wewe nilikwambia chimba ukaenda kununua chumvi. Unaogopa kuona nini huko chini?"

Swali lilimpata Bi Zuena palepale alipokuwa amepafunika miaka yote. Na mtu akiguswa kidonda haangalii anapiga wapi.

"Naogopa wewe!" alifoka. "Mkono wako mkavu na tumbo lako kavu! Mwanamke mwenye mkono mkavu anaingiaje shamba la watu? Ungekuwa umenyauka wewe badala ya huo mhogo, ningechinja kuku!"

Mlango wa jiko ukafunguka. Semeni alitoka na mwiko mkononi, akausimamisha ukutani kwa uangalifu mkubwa, kama kitu cha kuazima.

"Mkono mkavu," alisema. "Leo ni wake, si wangu tena?"

"Rudi jikoni, Semeni. Hayakuhusu."

Semeni hakurudi jikoni. Alizunguka nyuma, na wote wakamfuata, Bi Zuena akiwa wa mwisho na anaita jina lake. Semeni akalishika shina la kwanza la mhogo wa mboga kwa mikono miwili, akalivuta. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, likaja bila ubishi. Chini yake vilining'inia vimizizi vitatu vyeupe, vyembamba kama vidole vya mtoto.

Akalitupa. Akang'oa la pili, la tatu, na la nne. Yote sawa.

"Haya," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Hii ndiyo mizizi niliyokuwa nachimba kwa Athuman. Nilikuwa nakaa shambani nalia, nafukia tena, nafikiri labda kesho itanenepa."

"Mwanangu, wale watu ni wachawi..."

"Usiniambie wachawi!" Hapo sauti ikapanda, na jirani wa ng'ambo ya uzio akasimamisha mchi wake. "Watu ndio uliowaambia ni wachawi. Mimi uliniambia nini? Niliporudi hapa, msimu wa kwanza, nilishika jembe nikakufuata shambani. Ukaniambia, Semeni, wewe baki upike. Mbegu niachie mimi. Msimu wa pili hivyohivyo. Miaka yote hii nachota maji, napika, nafua, na kila mvua ikinyesha unaniambia nikae kando nisije nikaliharibu shamba. Mama, uliwaamini wao. Ulikuwa unawatukana kule stendi, na nyumbani unawaamini."

Bi Zuena alifungua mdomo. "Sikujua kama ni mbegu," alisema.

"Hukujua. Haya. Huyu mgeni akaja akakwambia chimba shina moja, utajua. Ukaenda mnadani."

Semeni akageuka akaendelea kung'oa. Sanaa akasogea amsaidie, Semeni akamzuia kwa mkono. Twaha akaleta mafuta ya taa. Jioni hiyo mhogo wa mama yake Bi Zuena uliungua nyuma ya jiko, mbichi, kwa moshi mzito uliowaliza wote, na katika kulia kule hakuna aliyeweza kujua nani analizwa na moshi na nani analizwa na mengine.

*

Waswahili husema mchuma janga hula na wa kwao. Hawasemi huyo mchumaji anaishije na hao wa kwao siku za baadaye. Semeni aliendelea kupika na kumwekea mama yake chakula mezani. Hakuzungumza naye. Alisema "karibu chakula" na "ahsante", kama mhudumu wa hoteli. Siku zikaenda. Bi Zuena akasubiri hasira iishe, haikuisha, na asubuhi moja akavaa baibui lake zuri akapanda gari la Handeni bila kumuaga mtu.

Alikuwa anakwenda kuwaomba wale watoto, hata kwa likizo tu. Njia nzima alipanga maneno. Atasema zamani kulikuwa na ugonjwa wa mihogo. Atasema wataalamu wamegundua. Mbegu ilitoka wapi, hilo si lazima liingie, mihogo inatoka popote. Watasikitika pamoja kama watu wazima, watalaumu inzi weupe. Mpaka anashuka Handeni na kukodi bodaboda, maneno yalikuwa yamenyooka vizuri, na yeye mwenyewe hakuonekana popote ndani yake.

Mama Athuman alimkuta mlangoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, na hakutabasamu.

"Bi Zuena. Umekuja kuwatazama wachawi?"

"Nimekuja kuwasalimu."

"Tumesalimika. Pita. Nyumba hii haimrudishi mtu na njaa, hata awe nani."

Alimkalisha mkekani. Uani palikuwa na watoto wawili wakubwa wakubwa wanaopukuchua mahindi, na Bi Zuena alimtambua wa kike kwa namna anavyoinamisha shingo, maana ni shingo ya Semeni. Walimwangalia mara moja wakaendelea na kazi. Hawakumjua. Nyuma yao, kuanzia ukuta wa jiko mpaka chini kwenye korongo, mteremko mzima ulikuwa mhogo, na kila jani lina mabaka ya njano. Ng'ambo ya korongo, kwenye mashamba ya majirani, njano ileile.

Chakula kikaletwa na mwanamke kijana mwenye macho yaliyovimba. Ugali, na bakuli la kisamvu.

"Kula," alisema Mama Athuman. "Hatukukiloga. Hicho ndicho kitu pekee kizuri alichotuachia binti yako. Mtaa mzima unakuja kuomba mbegu."

Bi Zuena akala. Kilikuwa laini, na kilikuwa kitamu hata kabla ya nazi. Akala tonge la pili kwa sababu hakujua afanye nini lingine.

"Huyu ni nani?" aliuliza, kwa kuwa yule mwanamke kijana alikuwa bado amesimama mlangoni na birika la kunawia.

"Mwajabu. Mke wa Athuman, baada ya wako. Usimzoee, anarudi kwao Sindeni leo, kaka yake anamfuata jioni." Mama Athuman alilisema mbele yake bila kushusha sauti. "Mwanangu hana bahati. Wewe ulituletea mkono mbovu, na huyu naye kumbe ni uleule. Misimu yote hii hatujachimba mhogo wa kushibisha kuku."

Kando ya mlango kulikuwa na mzigo wa nguo, umefungwa kwa kitenge.

Maneno yote aliyoyapanga Bi Zuena njiani yalikuwa bado yapo. Angeweza kuyasema, tena vizuri: ugonjwa, wataalamu, inzi weupe. Akatazama mzigo ule. Akatazama mikono ya Mwajabu iliyoshika birika, mikono mizima ya mtu anayelima, ina sugu kila kidole.

"Asiende kwao," alisema.

"Unasemaje?"

"Mkono wake mzima. Na wa Semeni ulikuwa mzima. Mbegu ndiyo mbovu, ina ugonjwa, haizai mizizi hata ipandwe na malaika. Mbegu yangu. Nilimfungia mwenyewe kwenye khanga."

Uani mahindi yakaacha kulia. Mama Athuman aliusogeza mkono wake pembeni ya sahani polepole.

"Tangu lini unajua?"

Bi Zuena angeweza kusema ni juzi. "Tangu siku nilipoambiwa nichimbe nikakataa," alisema.

"Umesimama pale Mkata miaka yote ukituita wachawi. Binti yangu wa mwisho alikosa mchumba kwa ajili ya jina hilo."

"Niliwaita."

"Na hawa watoto wamekua bila mama yao."

Mwajabu aliweka birika chini. Akaukalia mzigo wake palepale mlangoni, akajifunika uso kwa upande wa khanga, akaanza kulia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mama Athuman alimwacha alie. Kisha akasema bila kumtazama, "Mwajabu, fungua huo mzigo." Na kwa Bi Zuena akasema, "Wewe simama. Jembe liko nyuma ya mlango. Utaanza kuung'oa mhogo hapa ukutani, utashuka mpaka korongoni, na hawa wajukuu zako watakaa hapa wakutazame, na mmoja akiuliza wewe ni nani na unafanya nini, utamjibu mwenyewe."

Bi Zuena akavua baibui, akalikunja, akachukua jembe. Kaka wa Mwajabu alipofika jioni alimkuta bado yuko mstari wa tatu, na hapakuwa na mtu anayemsaidia.